Mpangaji wa Nyumba ya Ndugu Yangu

Miezi mitatu ya kwanza, watu wa kwetu walimwuliza Mpangaji jambo moja tu: lami itafika lini. Walimtazama macho na nywele, wakaamua ni Mchina, na Mchina kwetu ni barabara. Wazee walikuja na fimbo zao, wakasimama pembeni mwa michai, wakamweleza kwa heshima kwamba kona ya kule chini karibu na mto hujaa maji, kwa hiyo kalvati iwe kubwa. Yeye akatoa penseli akaandika yote. Nilipomwambia kwamba anawadanganya wazee wa watu, alinijibu, "Sijawaambia nitajenga. Nimewaambia nimesikia."

Ndivyo alivyokuwa. Alisikia watu wote. Alichojenga ni vitabu, na vitabu vyenyewe hakuna mtu kuanzia Nyacheki hadi Kenyenya aliyeweza kuvisoma, maana alikuwa mwanamke wa Kijapani, mwandishi wa riwaya, na aliandika kwa Kijapani. Nimeishi ua mmoja na mwandishi mwenye jina kubwa kwa miaka kumi na miwili, na ninachojua kuhusu kazi yake ni kile alichonisimulia akimenya ndizi.

Katika vitabu hivyo kimoja kinamhusu mama yangu. Hicho ndicho kilichoninyima raha miaka hii ya mwisho, na ndicho kinachonifanya niandike haya, mimi ambaye kuandika kwangu kuliishia kidato cha nne na hakukulilia mtu.

Nikiwa kidato cha tatu Mpangaji alinifundisha kemia, muhula mmoja, alipokuja kama mwalimu wa kujitolea. Alama zangu hazikumpa sababu ya kubaki. Alirudi kwao, akawa mwandishi, na baada ya miaka mingi akajitokeza tena uani kwetu na begi moja, akitafuta nyumba tulivu. Mimi nilimwita Mwalimu hadi mwisho. Yeye aliniita Mwenye Nyumba, kwa utani, kwa sababu kila alipotoka nje alinikuta. Mke wa kaka yangu mkubwa, shemeji yetu kutoka kule ziwani anayefanya kazi ya ukarani Kenyenya, alikuwa akimwambia, "Usijali, Mwalimu. Huyu hata akifa hataenda mbinguni, atasema ni mbali." Nami nilicheka pamoja nao. Wanaume wa rika langu wako Nairobi, wako Nakuru, wengine wako Uarabuni. Mimi niko jikoni kwa mama, na kwetu mwanaume aliyetahiriwa akizoea jiko la mama yake huwa ni kichekesho cha kijiji. Kila kijiji kinahitaji chake.

Nyumba tuliyompa ilikuwa ya ndugu yangu mwingine. Vyumba viwili, matofali na mabati, sebule na chumba cha kulala, katikati pazia. Ndugu yangu alifia humo kwa pumu kabla hajaoa, na kwa miaka mitatu ilikaa na kufuli. Hakuna mtu wa kwetu angekubali kulala mle. Mama hakumficha Mpangaji. Alimwambia wazi kwamba mtu alifia kwenye chumba kile.

"Paa linavuja?" Mpangaji akauliza.

"Halivuji."

"Basi."

Aliingia siku hiyohiyo. Hata pazia hakuondoa, lile la maua ya bluu alilonunua ndugu yangu mwenyewe. Kila mwaka alikuja mvua za masika zikianza, akakaa miezi minne mitano, akaondoka na bahasha ya karatasi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

Karatasi hizo zilikuwa na miraba kama daftari la hesabu, na kila mraba ulikula herufi moja. Aliandika tangu mapambazuko hadi saa nne, kwa penseli, na hakuinua kichwa hata kuku wakiingia ndani. Mama alipenda kumtazama kupitia dirishani. "Anapanda mahindi," alisema. "Shimo moja, mbegu moja." Na saa nne ikifika alimwuliza kwa sauti, "Mgeni, leo umepanda mistari mingapi?" Siku nyingine Mpangaji alijibu kumi. Siku nyingine alijibu, "Leo nimeng'oa tu, mama."

Nilimwuliza vitabu vyake vinahusu nini. Alinitajia cha kwanza: mzee na mkewe wanaendesha nyumba ya kuogea mjini, watu wamepungua, inabidi waifunge. Ukurasa wa mwisho wanazima moto wa kuchemshia maji. Nikangoja. Akaendelea kumenya.

"Halafu?"

"Halafu maji yanapoa."

Cha pili kilikuwa cha mtu aliyeajiriwa na serikali kupima theluji mlimani. Jioni hiyo nilimsimulia shemeji, akaacha kupepeta wimbi.

"Anaipima kwa nini?"

"Wajue ni nyingi kiasi gani."

"Halafu inayeyuka?"

"Inayeyuka."

"Na watu wananunua hicho kitabu?"

"Wamekichapisha mara nyingi."

Shemeji akatikisa kichwa. "Wajapani wana shida, na hawajaambiana."

Lakini usiku ule mimi sikulala vizuri kwa ajili ya mtu yule wa theluji. Vitabu vyake vyote vilikuwa na mtu anayengoja kitu ambacho msomaji tayari anajua hakitakuja.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Alikunywa chai bila maziwa, na kwetu chai ya rangi ni dalili ya shida, kwa hiyo akina mama wa kanisani walimletea maziwa wiki nzima, chupa baada ya chupa, kwa huruma. Aliona haya kuyakataa. Aliyapokea kwa mikono miwili, akainama, kisha akayaleta kwangu nyuma ya nyumba kama mtu anayepitisha bangi. Nilinenepa mwaka huo. Akatuuliza kama tumewahi kuonja chai yetu wenyewe, si ile ya pakiti, hii tunayochuma. Mama alikuwa amechuma majani miaka arobaini na hakuwahi. Mpangaji akayakausha mwenyewe kwenye ungo, akamchemshia. Mama akanywa, akafikiri. "Ni kama maji yaliyosikia habari za chai," akasema. Mpangaji alicheka hadi akakaa chini, kisha akaliandika.

Hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Aliandika kila kitu. Ungemwambia goti linauma, kesho yake ungeona penseli ikitembea ukajiuliza kama goti lako linaenda Japani. Aliuliza watu wote na yeye hakuulizika. Ukimwuliza kama ana mume, alikuuliza michai yako ina miaka mingapi. Hakukosa mazishi hata moja, akikaa na wapishi, akichambua mboga ya chinsaga hadi vidole vikawa vyeusi, lakini hakulia wala hakuimba.

Nilimwambia siku moja, nikijifanya natania, "Mwalimu, mimi usiniweke kwenye vitabu vyako. Nitaharibu mauzo."

Hakucheka. "Mimi sitoi mtu," akasema. "Aliyekuwepo, yumo."

Nikarudi jikoni nikakaa. Ugali ulikuwa motoni nami sikuugeuza.

Ngoja niseme, maana sitaki mtu anisome kurasa zote akidhani mimi ni mcheshi tu.

Kwetu mama haingii chumba anacholala mwanawe aliyetahiriwa. Si sheria ya polisi. Ni haya, na haya hiyo ina uzito kuliko polisi. Vijana wa mjini wanaicheka, lakini mama yangu alilelewa nayo, na hata akiwa na Biblia mkononi ilikuwa pale pale. Aliweza kufika sebuleni kwa ndugu yangu, akaweka chakula mezani, akatoka. Pazia la maua ya bluu hakuligusa.

Siku ile ilikuwa Jumapili mchana. Ndugu yangu alitoka kupalilia michai akiwa amebanwa kifua, akaenda kulala. Mama akasimama sebuleni akamwita. Akatoka akaja hadi mlango wa jiko, akaniambia, "Ingia umwangalie ndugu yako." Mimi niliruhusiwa kuingia. Kati yetu watatu mimi ndiye pekee ambaye haya haikumhusu. Redio ilikuwa inatangaza mpira, zimebaki dakika chache.

Nikasema, "Naja, mama."

Alirudi mara tatu. Mara tatu nilisema naja, na mara zote tatu nilikuwa nimekaa. Nilipoingia, kipyenga kikiwa kimeshapigwa, ndugu yangu alikuwa amekaa kitandani ameegemea ukuta, macho wazi.

Mama hakuniambia neno. Si siku hiyo, si kwenye matanga, si miaka iliyofuata. Watu walipomwuliza alisema, "Nilimwita, hakuitika," basi. Alinipakulia chakula kama kawaida. Nilingoja anilaumu nikachoka, nikaanza kufanya mzaha, na mzaha ukakaa.

Kwa hiyo mwelewe nilivyojisikia nilipoona anaanza kuongea na Mpangaji.

Ilianza na simu. Mwaka wa tano hivi, asubuhi moja, Mpangaji alitoka nje saa mbili, wakati ambao hakuwahi kutoka, akasimama kwenye michai. Mama akamfuata. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nikipasua kuni, na ninakiri kwamba niliacha kupasua.

"Baba yangu amekufa," Mpangaji akasema.

"Pole, mwanangu. Lini?"

"Juzi. Wiki iliyopita dada yangu alinipigia, akaniambia njoo. Nikasema naja. Zilikuwa zimebaki kurasa saba."

Mama akauliza watamzika lini, ili ajue kama atawahi. Mpangaji akasema hakuna kuzika. Wameshamchoma, jana.

"Mlimchoma?" Mama akashika kichwa. "Moto? Baba yenu?"

"Ndivyo tunavyofanya, mama."

Nilisikia mama anavuta pumzi. Kwetu hata aliyefia mbali namna gani husafirishwa alazwe udongoni kwao. Kuchoma mtu ni jambo ambalo hata mimi, mtu wa mzaha, sina mzaha nalo. Lakini mama hakumhubiria. Alienda akasonga ugali wa wimbi, akapika chinsaga, akampelekea. Akaweka sahani mezani, akabaki amesimama sebuleni, mbele ya pazia.

"Mama, karibu ndani, ukae kitandani. Hapa hakuna kiti," Mpangaji akamwambia.

"Hapo siingii."

"Kwa nini?"

Siku hiyo mama alimwambia. Alishusha sauti, kwa hiyo sijui alisema nini. Najua alikaa humo tangu saa sita hadi jua lilipogusa michai ya jirani, akiwa amesimama, na baadaye wakaketi wote wawili kwenye kizingiti. Nilipowapelekea chai walinyamaza. Nilipogeuka wakaendelea. Kuanzia hapo ikawa desturi yao, kila jioni kizingitini, na kila jioni nikipita waliacha kuongea, na mimi nikapita mara nyingi kuliko mtu mwenye shughuli anavyopita.

Baada ya miaka mitatu kitabu kikaja kwa posta. Jalada lake lilikuwa jeupe, katikati pamechorwa kipande cha kitambaa chenye maua ya bluu. Mpangaji alikuwa kwao wakati huo. Barua yake ilisema kwamba kitabu kinaitwa Pazia, na kwamba ni cha mama. Mama akakifuta kwa kanga, akakigeuzageuza, maana ukurasa wao wa kwanza uko tunakoweka wa mwisho, akakiweka kabatini karibu na Biblia.

"Hutaki kujua kimesema nini?" nikamwuliza.

"Si ni maneno yangu? Nayajua."

Kitabu kilipata tuzo kubwa huko. Mwaka uliofuata alikuja mtu na kamera pamoja na mkalimani, wakapiga picha meza yake, kuku, kizingiti. Wakamwuliza mama Mpangaji ni mtu wa namna gani. Mama akafikiri sana, maana alijua ni watu wa Japani wanaosikiliza. "Anajua kumenya ndizi," akasema. Kisha kamera ikageukia kwangu, mkalimani akauliza, "Na wewe ndugu, kwenye hadithi wewe ni nani?" Nikasema naenda kufunga ng'ombe. Hatukuwa na ng'ombe.

Mara ngapi nilikitoa kitabu hicho kabatini, Jumamosi mama akiwa kwenye ibada ya Sabato na mimi nimejisingizia tumbo? Nilikifungua nikatazama ile mistari inayoshuka kama mvua. Nilitafuta alama inayojirudia mara tatu, nikidhani hapo ndipo niliposema naja. Nilipata nyingi. Ukitaka kujisomea hukumu yako kwenye maandishi usiyoyajua, utaipata kila ukurasa. Ningeweza kumwuliza mwandishi mwenyewe, alikuwa hatua thelathini kutoka kwangu. Lakini mimi, kama mnavyojua, si mtu wa safari.

Mama alifariki mwaka juzi, kitandani kwake, nami nikiwa nimemshika mkono. Mara hiyo niliwahi. Mpangaji alikuja mvua zikianza, akakuta kaburi limeshaota nyasi. Alikaa kando yake asubuhi nzima, saa zake za kuandika, mikono mitupu.

Mwaka huu alikuja kuaga. Macho yake yameingia ukungu, na daktari wa kwao amemwambia asisafiri tena peke yake. Miraba haioni. Aliniambia hivyo akicheka kidogo, akaanza kufunga begi lile lile moja. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu ya mchana, isiyo na haraka. Nikatoa kitabu kabatini, nikakiweka chini ya koti, nikavuka hatua zile thelathini. Nilivua viatu mlangoni, kama alivyotuzoesha wote.

"Mwalimu, nisomee pale mama alipo."

Alinitazama kwa muda mrefu, au pengine hakuwa ananiona vizuri. "Miaka yote hii hukuuliza."

"Nilikuwa na shughuli."

"Wewe?"

"Nilikuwa naogopa, Mwalimu."

Akaketi kizingitini, akakileta kitabu karibu na pua, akatafuta. Alisoma polepole, akigeuza kila sentensi kwa Kiswahili chake kile cha darasani ambacho hutufanya sisi wengine tujibu kama tuko kwenye mtihani.

"Mama amesimama sebuleni. Kati yake na mwanawe kuna pazia. Angeweza kulisogeza kwa kidole kimoja. Anamsikia akivuta pumzi kama mtu anayekokota gunia sakafuni. Anamwita. Anatoka uani kutafuta mtu wa kuingia. Uani hakuna mtu. Anakwenda hadi jikoni. Jikoni hakuna mtu. Redio inaongea peke yake. Anarudi mbele ya pazia."

Nikamwambia arudie.

"Jikoni hakuna mtu. Redio inaongea peke yake."

"Mara ngapi anakwenda jikoni?"

"Mara tatu. Mara zote hakuna mtu." Akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Nilimwuliza kuhusu hiyo redio. Nilimwuliza nani aliiwasha. Akasema aliisahau yeye mwenyewe. Nilimwuliza pia wewe ulikuwa wapi. Akasema ulikuwa umepeleka majani ya chai kituoni, mbali, na hata ungeitwa usingesikia."

Mvua ikaendelea. Kwenye kituo cha majani chai hawapokei majani Jumapili. Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na alijua Mpangaji hakulijua.

Miaka mitano walikaa kwenye kizingiti hiki, nikipita na vikombe, nikidhani ananishtaki. Alikuwa ananipeleka kituoni. Kila jioni ananitoa jikoni, ananibebesha kikapu, ananipeleka mbali kiasi cha kutosikia, na yeye anabaki mbele ya pazia peke yake. Na hivyo ndivyo watu wa Japani wanavyomjua.

"Mwalimu," nikasema, "ulisema aliyekuwepo, yumo."

"Ndiyo."

"Nilikuwepo."

Hakuuliza wapi. Alipapasa mfukoni akatoa penseli, akatazama huku na huku kutafuta karatasi, kisha akafungua kitabu nyuma, kwenye ukurasa mweupe, huko tunakoanzia sisi. Akangoja. Nilikuwa nimemwona akingoja hivyo mbele ya watu wengi, na kila mara niliwahurumia.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasikiliza mpira."

Akaandika, herufi kubwa zilizopinda, bila miraba.

"Nani alishinda?"

Nilidhani nimesahau.

"Sisi," nikamwambia. "Mbili kwa moja."